Soma Kifungu cha Uhamisho wa Haki Kabla ya Kutia Saini

Wiki iliyopita mtunzi mmoja chipukizi aliniandikia akiuliza kama ajiunge na jumuiya ya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kazi zake zinapotumiwa, nami nikalitoa tena sandukuni jalada nililodhani nimeshalizika. Ndani yake imo fomu yangu ya uanachama. Penye maneno "Haki zinazokabidhiwa" nilijaza neno moja tu: "Zote".

Neno hilo lilinigharimu. Kituo kimoja cha matangazo kilikuwa kimeupiga wimbo wangu miaka mingi bila leseni, jumuiya ikakishtaki kwa jina lake yenyewe, na wakili wa kituo hakuugusa hata wimbo. Aliweka pingamizi la awali akihoji jumuiya inashtaki kama nani. Je, "kukabidhi" ni kuhamisha haki, au ni kumtuma wakala akusanye fedha kwa niaba yangu? Katika sheria za nchi nyingi, aliyehamishiwa haki anaweza kushtaki kwa jina lake, ilhali wakala wa kawaida hawezi. Fomu haikusema, na shauri likatupwa kabla sijatoa ushahidi. Nilipofungua kesi mwenyewe, wakili yule yule aliinua fomu ile ile na kudai kwamba haki zote nilishazitoa. Hadi leo linaniuma.

Sisemi tusijiunge. Mwaka 1847 mjini Paris, mtunzi Ernest Bourget alikataa kulipia vinywaji katika mkahawa uliokuwa ukitumia nyimbo zake bila kumlipa. Mahakama ikampa haki, na mwaka 1851 ikaundwa SACEM, jumuiya ya watunzi ya Ufaransa ya kukusanya mirabaha, kwa kuwa mtunzi peke yake hawezi kufuatilia kila ukumbi.

Lakini wewe unayetaka kuishi kwa kazi ya mikono yako, soma! Uliza ni haki zipi unazotoa, kwa muda gani, nani atashtaki, na utajitoaje. Katika Umoja wa Ulaya, Agizo la 2014/26/EU linamruhusu mwenye haki kuchagua aina za haki na kazi anazokabidhi, na kwa kawaida linaitaka jumuiya igawe mapato ndani ya miezi 9 tangu kumalizika kwa mwaka wa fedha yalimokusanywa. Hata kama huishi huko, pimia fomu yako hapo. Na usione haya kumrudishia karani karatasi isiyojibu. Soma tena, kisha uliza tena.

Nilipojiunga upya nilikaa na karani saa nzima. Mahali pa "Zote" niliandika: utangazaji na maonyesho ya hadharani tu, kwa leseni ya pekee (yaani ruhusa isiyopewa mwingine yeyote) ya miaka 3, na jumuiya iwe na mamlaka ya kushtaki kwa jina lake. Karani alisita, akaenda kumwita mwanasheria wao, naye akatia saini.