Mnyama kwanza, hema baadaye: siku moto ulipotukuta kambini

Majivu ndiyo yaliyonishtua. Ilikuwa asubuhi ya siku yetu ya pili kambini, kwenye milima ya Sierra Nevada huku California. Nilikuwa nageuza chapati kwenye jiko la gesi, nikaona kitu cheupe kimetua juu yake. Nikadhani ni unga. Kukigusa tu, kikasagika chini ya kidole. Nikainua macho: jua lilikuwa jekundu kama linazama, na bado ni saa tatu.

Tulikuwa mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka tisa, mbwa wetu Bosi na paka wetu Nyau. Ndugu zangu mnaoishi huku na mnatoka na wanyama wenu msimu wa joto, nawaandikia nyinyi, maana siku ile tulifanya kosa ambalo sitaki mlirudie.

Tulianza na vitu. Mimi nikakunja viti, mume wangu akaanza kung'oa vigingi vya hema. Askari wa hifadhi akapita na gari akitangaza kwamba moto uko upande wa pili wa mlima na onyo la kuhama limeshatolewa. King'ora, milango ya magari, vyuma kugongana: Nyau akatoweka. Tukamtafuta dakika ishirini nzima, binti yangu analia, Bosi anabweka. Tulimkuta ndani ya hema lile lile, kajibana kati ya godoro la upepo na kitambaa cha ukuta, macho yamemtoka. Nikamfunika taulo mwili mzima, nikambeba kama mtoto mchanga hadi kwenye boksi lake. Mikwaruzo ya mkononi ilinikaa wiki mbili.

Kwa hiyo ukinusa moshi tu, kabla hujagusa sufuria: paka aingie kwenye boksi, mbwa afungwe kamba, wote waingie garini mtu mzima akiwa nao. Hema liache. Hema linanunuliwa.

California ina hatua mbili, na wengi wetu huzichanganya. Kuna onyo la kuhama, yaani hatari inaweza kufika, na kuna amri ya kuhama, yaani ondoka sasa hivi. Watu husikia "onyo" wakadhani bado wana nafasi ya kunywa chai. Lakini maelekezo ya onyo lenyewe yanasema wanaohitaji muda zaidi, pamoja na wenye wanyama wa kufugwa na mifugo, waondoke sasa. Ukiwa na mbwa au paka, onyo ndiyo amri yako.

Tena kambi nyingi za milimani zina njia moja tu ya kutokea. Septemba 2020, kwenye moto ulioitwa Creek Fire, zaidi ya watu 200 walinaswa kwenye bwawa la Mammoth Pool baada ya moto kufunga barabara, wakatolewa kwa helikopta za kijeshi. Tangu nisome habari ile, gari letu kambini hulala limeelekezwa kwenye njia ya kutokea.

Mazoea ya nyumbani ndiyo yanayookoa muda. Boksi la Nyau sasa linakaa wazi sebuleni na blanketi lake ndani, na mara nyingi chakula chake nakiweka humo. Zamani alikuwa akiliona siku ya daktari tu, ndiyo maana alilikimbia. Bosi naye anavaa mkanda wa kifuani, kwa sababu mbwa aliyeshikwa na hofu huchomoa kichwa kwenye kola. Kibati cha shingoni kiwe na namba ya simu ya mkononi. Kama ana chipu chini ya ngozi, hakikisha namba iliyosajiliwa ni ile unayotumia leo. Karatasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa na maji vikae garini muda wote.

Mahali pa kufikia, piga simu kwanza. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, Marekani ilipitisha sheria mwaka 2006 inayotaka mipango ya dharura iwafikirie na wanyama, lakini hiyo haina maana kwamba kila kituo cha watu kitampokea paka wako. Vingi hupokea mbwa wa msaada wa watu wenye ulemavu tu, na wanyama wengine huelekezwa kwingine, mara nyingi kwenye viwanja vya maonyesho. Sisi mlangoni tuliambiwa hapana, tukalala garini kwenye maegesho, madirisha yamefungwa kwa sababu ya moshi.

Usiku huo nilimwangalia Nyau kila baada ya dakika chache. Mbwa kuhema mdomo wazi ni kawaida yake, lakini paka akihema hivyo baada ya kuvuta moshi, usingoje kuche, mtafute daktari wa mifugo. Wetu alikuwa anapumua kwa pua, kimya, mgongo umegusa nyuma ya boksi. Saa nane usiku nikasikia ulimi wake kwenye bakuli la maji.