Panya Umempeleka Wapi?

Miaka yangu ya mwanzo Uingereza niliishi York, nikifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wazee wakishalala, gazeti la siku ile linakuwa langu, na mimi naanzia ukurasa wa chemshabongo. Si ile inayokuuliza mji mkuu wa nchi fulani. Nasema ile ya mafumbo, ambayo kidokezo kinasema hili huku kikimaanisha lile.

Usiku mmoja nikakuta kidokezo cha herufi nne: panya asiye na kichwa, kisha ua. Kwa Kiingereza ua lile liliandikwa flower. Herufi mbili za mwisho nilikuwa nazo tayari, S na E, basi nikaandika ROSE, waridi, kwa kalamu ya wino. Panya sikumjali. Saa nzima iliyofuata kona ile iligoma. Kila neno nililojaribu liligongana na waridi langu.

Asubuhi mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliutazama mraba wangu akauliza swali moja tu: "Na panya umempeleka wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Panya ni mouse. Mkate kichwa, yaani iondoe M, inabaki OUSE. Na flower, kwa jicho la mtunzi, si ua hata kidogo. Flow ni kutiririka, kwa hiyo flower ni kitu kinachotiririka: mto. Ouse ni mto unaopita katikati ya York, nami nilikuwa nauvuka kila siku kwenda kazini.

Tangu siku hiyo sijazi jibu mpaka niweze kueleza kila neno la kidokezo linafanya kazi gani. Derrick Macnutt, aliyetunga mafumbo ya gazeti la The Observer tangu 1939 kwa jina la Ximenes, aliliweka jambo hili wazi katika kitabu chake cha 1966, na mrithi wake, aliyejiita Azed, akalifupisha hivi: kidokezo kizuri kina maana sahihi ya jibu, kina mchezo wa maneno usiomdhulumu msomaji, na hakina kingine chochote. (Aliyemtangulia Macnutt alijiita Torquemada. Torquemada na Ximenes ni majina ya wakuu wa mahakama ya kidini ya Hispania, iliyoogopwa kwa mateso yake.) Hapo kwenye "hakina kingine chochote" ndipo penye msaada wetu. Neno likibaki halina kazi, lishuku jibu lako, hata kama herufi zimeingia sawasawa. Wapo watunzi waliolegeza kamba, kama marehemu John Graham wa gazeti la The Guardian, maarufu kwa jina la Araucaria, lakini anayeanza asianze na hao.

Maana ya jibu hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, karibu kila mara. Sehemu inayobaki ni mchezo wa maneno. Kazi yako ya kwanza ni kutafuta pa kukata kati ya sehemu hizo mbili, na ili uweze kukata lazima uache kuisoma sentensi kama habari.

Hilo nililielewa vizuri nilipoanza kumweleza shangazi yangu aliyeko Tanga. Nilimpigia Jumapili moja, nikamwamkia, tukamaliza habari za nyumbani, ndipo akauliza usiku kucha nafanya nini na gazeti. Vidokezo vya Kiingereza havikufika popote kwa simu. Ikabidi nimtungie vya Kiswahili.

Nikaanza na hiki: *Samaki wavurugika msimu wa mvua (6)*, namba ikiwa idadi ya herufi za jibu. Akaanza kuniambia habari za bahari kuchafuka. Nikamwambia, shangazi, sahau bahari. Kata baada ya "wavurugika". Mwishoni kuna maana: msimu wa mvua. Mwanzoni kuna agizo: chukua herufi za SAMAKI, zivuruge. Kimya kidogo, kisha akasema taratibu, "Masika." Hakuna herufi iliyozidi wala iliyopungua.

Cha pili: *Mnyama ndani ya chupa kavu (4)*. Hapa neno limefichwa wazi mbele ya macho. Soma chuPA KAvu bila kujali nafasi iliyo katikati. Cha tatu, *Mkuna nazi anayekula majani (5)*, alikijibu kabla sijamaliza kukisoma: mbuzi, maana mbili chini ya jina moja, na wa kukunia nazi alikuwa mbele yake jikoni.

Kilichonishangaza ni cha nne. *Lima kinyume upate utajiri (4)*. Nilijiandaa kumweleza, kumbe hakuhitaji. Utotoni yeye na wenzake walizungumza kinyume, ile lugha ya kuhamishia silabi ya mwisho mbele, kitabu kikawa bukita, ili wakubwa wasiwaelewe. "Mali, mwanangu. Mbona huu ni mchezo wetu?"

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu. Tafuta gazeti la jana pamoja na majibu yake. Usifumbue chochote. Chukua jibu, chukua kidokezo, halafu mweleze mtu asiyeona gazeti jinsi kimoja kinavyozaa kingine. Ukikwama katikati ya maelezo, hapo pana ujanja usioujua bado, uandike pembeni. Mimi nilifanya hivyo kwa miezi kadhaa, na nilijifunza mengi kuliko usiku wote niliohangaika na miraba mitupu. Ukianza kufumbua mwenyewe, tumia penseli. Jibu unalolihisi lakini huwezi kulieleza, liandike kwa herufi hafifu na usilijengee juu yake.

Siku hizi shangazi ndiye anayenitumia. Cha wiki hii ni hiki: *Ali akigeuka ni kasoro (3)*. Nilimjibu mara moja kwa ujumbe. Akanirudishia: jibu nimeliona, maelezo yako wapi?