Pima drumu kabla ya kutafuta breki shuu

Mdogo wangu unayeanza kufufua pikipiki za zamani hapa Dodoma, nakuomba uanzie kwenye drumu, ile duara ya chuma ndani ya gurudumu ambayo breki hubania, usianzie dukani. Mimi nilianzia dukani. Nililetewa Yamaha DT ya miaka ya 1980, nikazunguka Majengo na breki shuu iliyochakaa mkononi (kile kipande cha nusu duara kinachotanuka na kusugua drumu) hadi nikapata inayofanana nayo. Kuifunga, ikagusa katikati tu. Ukikanyaga, pikipiki inaendelea kwenda. Mwenye pikipiki alikuwa wa safari ya Iringa, na njia hiyo ina mlima Nyang'oro. Nashukuru Mungu niliijaribu mwenyewe kwanza.

Drumu nayo hulika ikapanuka, ndiyo maana shuu ile iligusa katikati tu. Ikiwa ilitoka kiwandani na 110 mm, mara nyingi utakuta kikomo cha 111 kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Pima upana wa ndani kwa venia kalipa, kile kipimo chenye taya, sehemu tatu, maana drumu kuukuu huweza kuwa na umbo la yai. Ikivuka kikomo, tafuta nyingine. Ikiwa bado, fundi wa kukereza aisawazishe, kisha breki shuu zifuate kipimo hicho kipya.

Zile kuukuu usizitupe hata kama zimeisha kabisa, kwa sababu mwili wa aluminiamu ndio mgumu kupatikana. Kipande cha msuguano hubanduliwa, kikawekwa kipya kinene kidogo. Gundi iwe ya breki, ile inayoivishwa kwa moto huku kipande kimebanwa. Gundi ya kawaida huachia breki ikichemka, na kipande kikikwama ndani, gurudumu linajifunga ukiwa mwendoni. Ukitumia ribiti, vichwa vizame chini ya uso. Halafu shuu zikerezwe zikiwa kwenye pleti yake, lile bamba linalozishikilia. Paka chaki ndani ya drumu, funga, zungusha huku umebana breki kidogo, fungua utazame. Chaki ikihamia kwenye ncha tu, chonga ncha kwa tupa, la sivyo breki itanasa ghafla.

Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa upepo wa kompresa. Najua mji huu tunapuliza kila kitu, lakini nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, nayo huleta saratani ya mapafu. Lowanisha, futa kwa kitambaa, kifunge kwenye mfuko ukitupe.

Kemu, ile inayotanua shuu ukikanyaga breki, ipake grisi kidogo sana, isije ikarukia shuu. Mteja akishatembea kilomita 100 hivi, mwambie arudi ukaze breki upya.