Mteja akitaka "kitu cha asili", anza na kikonyo

Nembo yangu ya kwanza ilikuwa ya saluni. Mwenyewe alitaka "kitu cha asili", nami nikapanga majani saba kuzunguka jina lake. Akaitazama, akauliza: "Sasa mbona umeniwekea mchicha?" Alinilipa nusu, na hata hiyo ilikuwa hisani.

Nawe unayeanza dizaini utaletewa ombi hilohilo. Kabla hujapakua majani ya bure mtandaoni, tafuta picha ya ngazi ya Hôtel Tassel, nyumba aliyoisanifu Victor Horta jijini Brussels mwaka 1893, kisha uikuze. Nguzo ni ya chuma, nyembamba, wala haikufichwa. Inapanda kama shina, na ikikaribia juu inatoa tepe za chuma zilizojipinda kama mmea unaotambaa. Fuata mkunjo huo kwa kidole: uko kwenye reli ya ngazi, umechorwa ukutani, na sakafuni umo tena kwenye mozaiki. Maua hakuna. Horta alichukua namna mmea unavyosimama, unavyobeba na kugeuka. Mimi niliokota majani tu.

Mtindo huo ulivuma Ulaya kati ya miaka ya 1890 na 1910 hivi. Jina lake, Art Nouveau, yaani Sanaa Mpya, lilienea kutokana na duka la Siegfried Bing lililofunguliwa Paris mwaka 1895. Usiusome kama urembo mtupu. Nyumba nyingine ya Horta, Hôtel van Eetvelde, alijengewa kiongozi mkuu wa utawala wa Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kwenye maonyesho ya Tervuren, karibu na Brussels, ya mwaka 1897 mikunjo hiyohiyo ilichongwa kwa mbao za Kongo, huku wachongaji wakipewa pembe za ndovu za huko. Mimi siwezi tena kuitazama bila kukumbuka hilo.

Kwa upande wa kazi, mtazame pia msanifu Mfaransa Hector Guimard na milango yake ya treni za chini ya ardhi Paris, kuanzia 1900. Taa zake ni kama tumba za maua, lakini vyuma vilimiminwa kwenye kalibu, hivyo umbo lilelile likarudiwa kituo baada ya kituo. Nembo yako nayo ipeleke kwenye mhuri wa raba. Ikigeuka doa, punguza mistari.

Halafu wiki nzima chora vikonyo tu. Mimi nilijaza kurasa kumi na moja za kikonyo cha mpapai. Saluni ile ina nembo mpya sasa, nzuri kweli. Sikuichora mimi.