Tazama mwezi kabla ya kuwasha gari

Mmeuliza wiki hii: kati ya Mombasa na Malindi, ni mji gani wenye samaki watamu zaidi? Wengi watataja mkahawa. Mimi nasema mji si hoja, hoja ni maji.

Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, au baada ya mwezi mpevu, ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji hutoka mpaka mwamba ukabaki wazi, na katika pwani yetu hii hufika chini kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hapo ndipo wavuvi wa miguu wanapochokoa mashimo, na pweza hufika nchi kavu saa sita, saa saba. Anayetoka Mombasa alfajiri amewahi bure. Siku za maji mafu, yaani maji yasipopwa sana, pweza utakayepewa huenda amelala kwenye friza tangu bamvua iliyopita.

Chukueni pweza wa Takaungu, ile njia ya kuingia kulia ukishapita Vipingo. Kuna mama mmoja pale niliyemtazama akimpika wa kilo mbili, na kila hatua ilikuwa na sababu. Alikipindua kichwa ndani nje, akatoa matumbo na kifuko cha wino, akakata ule mdomo mgumu ulio katikati ya minyiri, ile mikono yake. Akampiga juu ya jiwe, akimsuuza povu, mpaka minyiri ikalegea. Kisha sufuriani bila tone la maji, kifuniko juu, moto mdogo, maana pweza hutoa maji yake mwenyewe, tena mengi. Chumvi hakutia mpaka mwisho: yale maji yakikauka, chumvi ya bahari iliyomo hukolea. Baada ya kama saa nzima alichoma uma pale minyiri inapokutana na kichwa, penye unene. Ulipozama ndipo akakata vipande. Tui jepesi lilitangulia pamoja na kitunguu, thomu, nyanya na bizari. Tui zito likaja mwisho, akikoroga bila kuacha, likatokota mara moja tu akaipua, kwani likichemka sana hukatika na mafuta yakajitenga. Ukwaju kidogo, basi. Zile kilo mbili zilibaki kama moja, kwa hivyo agizeni kilo moja kwa watu wawili. Ukiletewa pweza kwa dakika ishirini, alikuwa ameshachemshwa.

Pweza wa kubeba nyumbani atolewe matumbo kwanza, kisha barafu kilo kwa kilo, maji yake yakipata pa kutokea. Njoo na chombo chako, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017. Jodari na nguru msiwaache juani: hujenga histamini, sumu ambayo moto hauiondoi. Ukihisi ulimi unawasha ilhali hamna pilipili, acha kula.

Lakini nikiwataja jodari na nguru, naona mji nao una hoja. Wakati wa kaskazi, upepo wa Novemba hadi Machi, boti hutoka nje ya mwamba kuwafuata, iwe bamvua au maji mafu, na kwa miezi hiyo jibu langu ni Malindi, ila si kwa pweza. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari huchafuka na boti nyingi hubaki ndani ya mwamba. Hapo nitakula changu na tafi, samaki wa ndani ya mwamba, popote njiani, au kaa wa hori ya Mida, mradi awe hai na mzito mkononi. Aliyekufa usimnunue hata ukipunguziwa bei.