Akiduki Alikuwa Nani Hasa?

*Vitabu humwita Franz Ferdinand, aliyeuawa Sarajevo mwaka 1914, akiduki wa Austria. Ndiye aliyeitawala nchi?*

Hapana. Mtawala alikuwa baba yake mkubwa, Kaisari Franz Joseph. Franz Ferdinand alikuwa mrithi, lakini urithi huo haumo katika neno akiduki. Hicho kilikuwa cheo cha kuzaliwa nacho katika ukoo wa Habsburg, uliotawala Austria, kwa wana na mabinti, na kilifuata upande wa baba. Maria Theresia, binti aliyeurithi utawala wa ukoo huo, ndiye aliyeivuruga kanuni: aliolewa mwaka 1736 na Franz Stephan wa Lorraine, ukoo ukaitwa Habsburg-Lorraine, na watoto wao 16 wote wakawa maakiduki, akiwemo Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa baadaye. Urusi iliwahi kuweka uzio mwaka 1886: cheo cha duki mkuu kiishie kwa wajukuu wa kaisari. Vienna haikuweka, ndiyo maana maakiduki walijaa.

*Basi mbona watoto wa Franz Ferdinand hawakuwa maakiduki?*

Kwa sababu ya mama yao. Sheria ya ukoo ya mwaka 1839 ilitaka kila ndoa ipate idhini ya kaisari, na mchumba awe wa hadhi sawa: atoke katika nyumba inayotawala au iliyowahi kutawala. Mama huyo, Sophie Chotek, hakuwa mtu wa kawaida, kama inavyosemwa mara nyingi. Alikuwa binti wa kabaila wa Bohemia (leo sehemu ya Jamhuri ya Cheki). Ila ukabaila haukutosha.

Idhini ilitoka kwa masharti. Tarehe 28 Juni 1900, katika kasri la Hofburg, Franz Ferdinand aliapa na kutia saini kwamba mkewe na watoto watakaozaliwa hawatadai kiti wala cheo. Harusi ikafuata tarehe 1 Julai. Angalia tarehe ya kiapo: waliuawa wote wawili siku ileile, miaka 14 baadaye. Sophie alipewa jina la Hohenberg, akapandishwa kuwa duki wa kike mwaka 1909, na bado katika sherehe za kasri alitanguliwa na maakiduki wa kike wadogo kabisa. Watoto walibaki akina Hohenberg, na urithi ukamwendea Karl, mtoto wa ndugu wa Franz Ferdinand.

Mwenye cheo aliweza pia kukivua. Akiduki Johann Salvator alifanya hivyo mwaka 1889, akajiita Johann Orth. Mwaka uliofuata akapotea na meli yake kusini mwa Amerika Kusini.

*Cheo kilianzia wapi?*

Kwenye hati za kughushi. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1356 iliwataja wateule saba wa kumchagua mfalme wa Wajerumani, na duki wa Austria hakuwemo. Duki huyo, Rudolf IV, akaagiza zitengenezwe hati za "kale" za kumpa hadhi ya akiduki. Kaisari Karl IV, baba mkwe wake, hakuikubali hadhi hiyo. Iliidhinishwa mwaka 1453 na Friedrich III, naye Mhabsburg: mfaidika ndiye aliyepiga muhuri.

*Leo wapo?*

Kisheria, Austria haina. Sheria ya Aprili 1919 ilifuta ukabaila wote, na nyingine ya mwezi huohuo ikawafukuza Wahabsburg waliokataa kuachana na madai yao. Otto, mwana wa kaisari wa mwisho, alitia saini ya kuachana nayo mwaka 1961 na kuruhusiwa kuingia mwaka 1966. Pasipoti yake ya Austria ilimtaja kama Otto Habsburg-Lothringen (Lothringen ni Lorraine kwa Kijerumani), bila cheo.