Madogo mnaoanza kufunga AC, hizi paipu siyo za maji

Kwa wale mnaotoka VETA au mmeanza juzi kubeba begi la fundi, leo naongelea paipu za kopa za split tu, yaani AC yenye mashine moja ndani na nyingine nje. Mambo ya umeme na mabano ya ukutani tuyaache, maana kazi nyingi za kurudia ninazoitwa hapa Dar shida iko pale paipu inapokutana na mashine, AC mwezi wa kwanza baridi balaa, baadaye inapuliza upepo tu, mteja anaambiwa gesi imeisha. Gesi haiishi jamani, siyo petroli. Ikipungua kuna mahali imetokea, na mahali penyewe mara nyingi ni fleya, ule mdomo wa paipu uliotanuliwa kama tarumbeta ili ubanwe na nati.

Kata kwa kikata paipu, zungusha taratibu huku unakaza kidogo kidogo, msumeno wa chuma weka mbali kabisa. Ukishakata kuna ukingo unajikunja kwa ndani, ukwangue huku mdomo wa paipu umetazama chini ili vichembe vya kopa vidondoke nje, vikiingia ndani safari yao inaishia kwenye kompresa. Halafu kabla hujatanua, nati umeshaivisha kwenye paipu? Unacheka, subiri siku uone fleya imetoka safi na nati iko sakafuni inakuangalia.

Ukishatanua usikimbilie spana. Igeuzie kwenye mwanga uikague, uso ung'ae duara zima, upana uwe sawa kila upande, kusiwe na mkwaruzo wala ufa mwembamba kama unywele, na nati ikipanda mpaka juu fleya ikae vizuri ndani yake bila kugusa meno. Upande mmoja ukiwa mpana mwingine mwembamba kata uanze upya, kipande cha kopa hakikutii hasara kama kurudi Mbezi na ngazi siku ya Jumapili. Weka tone la mafuta ya kompresa kwenye uso wa fleya, basi. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usiilete hapa, kinachozuia gesi ni kopa kubanana na koni ya brasi, meno ya nati kazi yake kuvuta tu.

Nati ianze kwa vidole, izunguke kirahisi. Ikigoma maana yake paipu imekaa upande, inyooshe, usilazimishe. Ndo uje na spana mbili, moja inashikilia moja inakaza, ukitumia moja unaipinda paipu bila kujua. Ukiweza nunua spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm, paipu ya inchi 1/4 inataka kama Nm 14 mpaka 18, 3/8 inataka 34 mpaka 42, ila kama kitabu cha mashine kina namba zake fuata za kitabu. Spana malaya na nguvu za ugali ndo zinapasua nati na kuikamua fleya mpaka inakuwa nyembamba, leo haivuji, baada ya miezi inavuja.

Sasa kwenye usalama, hapa sitanii. Wakubwa wetu wengi wamejifunzia R22, gesi ya AC za zamani, presha ya gesi za sasa R410A na R32 iko juu kwa zaidi ya nusu ya ile, na R32 inaweza kushika moto japo siyo kirahisi. Kwahiyo ule mtindo wa kulegeza nati na kuachia gesi kidogo ili isukume hewa nje uacheni, hata kama kaka mkubwa anakwambia ndo amekula nao miaka yote. Gesi ikiwa katika hali ya kimiminika ikikurukia mkononi inaunguza kwa baridi, inachemka kwenye nyuzi kama 50 chini ya sifuri, na ikikutana na moto inatoa moshi wa sumu. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, sigara baadaye.

Kupima uvujaji tumia naitrojeni yenye regyuleta, panda kwa hatua, usizidi presha iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, na valvu za mashine ya nje ziwe bado zimefungwa. Povu la sabuni kila nati. OKSIJENI USIGUSE, hata kama ndo mtungi pekee ulio kwenye gari ya mchomeleaji, oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Ukipima asubuhi ukarudi saa saba mchana jua limepiga paipu, geji itakuwa imepanda, kwenye bar 40 nyuzi 10 tu za joto zinaongeza zaidi ya bar moja, jioni ikishuka tena usianze kufungua nati zote kwa hofu.

Halafu vakyumu pampu ya kunyonya hewa na unyevu kwenye paipu, na geji ya mikroni kama unayo, ile inayopima vakyumu, ishuke chini ya mikroni 500, funga, subiri uone kama inatulia. Ikipanda halafu ikasimama kuna unyevu ndani, endelea kuvuta. Ikipanda bila kusimama kuna tundu. Na hewa ya huku pwani ilivyo na unyevu usiache midomo ya paipu wazi ukaenda kula, mafuta ya hizi mashine yananyonya maji vibaya mno.

La mwisho ni siku ya kuhamisha AC. Unafunga valvu ya paipu nyembamba mashine ikiwa kwenye baridi, gesi inarudi kwenye mashine ya nje, unafunga ya paipu nene, unazima hapohapo, ndo unagusa nati. Kuna watu wanalegeza nati kompresa ikiwa bado inazunguka ili wawahi. Kompresa inavuta hewa, hewa inachanganyika na mafuta, inagandamizwa mpaka inawaka, na ya nje inapasuka fundi akiwa amepiga magoti mbele yake. Kama valvu imekufa haifungi, usijaribu kurudisha gesi kwa njia hiyo, zima, vuta gesi kwa mashine ya kukusanyia uiweke kwenye mtungi, na kama huna azima kwa mwenzako au mwambie mteja kazi inaahirishwa mpaka kesho.